Fundi, Pandisha

Tangu nistaafu, kazi yangu kubwa imekuwa kuulizwa maswali. Nikishakaa barazani na kikombe changu cha kahawa, nyinyi vijana niliowaachia mitambo mnakuja mmoja mmoja, mnanitupia shikamoo ya haraka, halafu mnauliza lile lile: "Mzee Idi, ni kweli Jumba la Mshindo lilikuwa na majini?" Hakuna anayeuliza namna ya kuondoa mvumo kwenye spika. Basi nimeamua kuandika ili nipate kunywa kahawa yangu ingali moto. Nitaanza na kazi, kwa sababu ndiyo niliyoijua, na majini watakuja wenyewe zamu yao ikifika.

Kazi nilifundishwa Ng'ambo, katika kibanda cha Fundi Hamadi, mtengenezaji redio, kilichokuwa kikitazamana na majumba marefu ya Michenzani. Siku ya kwanza hakunipa hata bisibisi. Alinipa redio mbovu, akaniambia niisikilize. "Kwanza sikiliza, ndipo ufungue," alisema. "Kitu kikiumwa hujieleza." Asubuhi nzima nikaisikiliza. Ilipofika adhuhuri akaniuliza imejieleza nini, nikamwambia inakoroma. "Hata mie nnakoroma," akasema. "Inakoroma wakati gani?" Nikarudishwa kusikiliza. Nyinyi siku hizi mna skrini za kuwaonyesha ugonjwa uko wapi, na sioni wivu, lakini skrini haikujibu kwa kejeli na kwa hiyo unasahau haraka ilichokufundisha.

La pili alilonifundisha ni kufanya kazi kwa mkono mmoja kila mashine inapokuwa na umeme, huku mwingine umewekwa mfukoni, ili umeme ukikushika usipate njia ya kupita kifuani. Mwenyewe alivaa kikoi, na kikoi hakina mfuko, kwa hiyo mkono wa kushoto aliuchomeka kiunoni. Wateja walidhani ana maringo. Aliishi mpaka akawa mkongwe, na mikono yote miwili alikwenda nayo.

Katikati ya miaka ya themanini akaja kibandani kijana mwembamba aitwaye Seif, amebeba amplifaya begani kama gunia la karafuu. Karafuu nazitaja kusudi: babu zake walikuwa na mashamba, mashamba yakaenda na wakati, na kilichobaki kwao kilikuwa jina na shangazi mwenye nyumba Mji Mkongwe. Spika ya ile amplifaya ilikuwa imechanika. Fundi Hamadi alikuwa na homa siku hiyo, nikaishona mwenyewe kwa karatasi ya bahasha ya kaki na gundi. Seif akachomeka gitaa lake, akapiga uzi mmoja. Ikatoka sauti yenye makwaruzo, nzito, sauti ya mtu aliyeamka na hasira. Nikaomba radhi, nikanyoosha mkono niizime nianze upya.

"Usiiguse," akasema Seif. "Wallahi usiiguse. Hii ndiyo nnayoitafuta."

Ndiyo mara pekee katika maisha yangu mteja kunishukuru kwa kazi mbovu. Alikuwa anaunda bendi ya roki, muziki ambao mjini tuliusikia kwenye kanda za mabaharia na kwenye redio za mbali, na aliambiwa na kila mtu kwamba hauwezi kupigwa Unguja kwa kuwa hakuna vyombo. Mimi sikujua kama unaweza au hauwezi. Nilijua kuchanika kwa spika, na ikawa yatosha. Mwaka haukwisha nikawa nimehamia na godoro langu katika nyumba ya shangazi yake, mimi na bendi nzima, kama fundi wa mitambo wa Bendi ya Mshindo.

Nyumba yenyewe, iliyokuja kuitwa Jumba la Mshindo, ilikuwa Kiponda, ya ghorofa mbili juu ya ukumbi wa chini, ina roshani ya mbao iliyoinamia uchochoro na ngazi zilizokwenda upande. Juu kabisa aliishi mwenyewe, Bi Zuhura, mjane, mwanamke wa heshima zake, ambaye magoti yalimfanya asishuke chini kwa miezi. Sisi tulilala ghorofa ya kati, na vyombo vilikaa ukumbini. Wanabendi walikuja na kuondoka, ila wawili walikuwa nguzo: Seif, na Joni, mpiga dramu, mtoto wa Michenzani ambaye wazee wake walitoka bara, Mkristo, mwenye mikono mipana na moyo mpana zaidi. Bi Zuhura alitupokea kwa masharti yake. Ulevi usiingie. Maji yake tumpandishie kila asubuhi. Na adhana ikisikika, kila kitu kinyamaze.

Hilo la mwisho lilikuwa kazi yangu, nikafunga swichi moja kubwa ya kuzima mitambo yote kwa pigo moja. Lakini Seif akishapotelea ndani ya gitaa hasikii hata jina lake, na mimi masikio yangu yalikuwa kwenye mvumo. Aliyeshika swichi akawa Joni, maana alikaa karibu na dirisha na alikuwa na kawaida ya kutazama nje anapopiga. Kwa miaka yote ile, Mkristo wetu ndiye aliyetukumbusha sala, na hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Leo watembezaji wa wageni wanasimulia kwamba katika jumba lile watu walikuwa wakioga bia. Tulikuwa tukinywa chai ya tangawizi. Joni akinywa kitu kingine alikinywea Ng'ambo, akarudi viatu mkononi, na Bi Zuhura kutoka juu akamwambia tu, "Lala salama, Joni," ili ajue kasikiwa.

Sherehe zilikuwepo, hilo sikatai. Sikukuu ya pili ya Idi uchochoro ulijaa kuanzia asubuhi, watu wakaja kutoka Ng'ambo, Mwanakwerekwe, mpaka mashamba. Sakafu ya ghorofa ya kati ilikaa juu ya boriti za mikoko, kuukuu, na siku ya kwanza walipoanza kuruka niliona vumbi la chokaa likinyesha ukumbini juu ya amplifaya zangu. Nikatunga sheria ya boriti: wa upande wa dirisha wakiruka, wa upande wa mlango wasimame, kisha wabadilishane. Niliwaongoza kwa mkono kutoka ngazini. Mkisikia kwamba wachezaji wa Jumba la Mshindo walikuwa wakirushwa na nguvu isiyoonekana, nguvu hiyo ni mimi, na nilikuwa nikionekana vizuri sana.

Na ile televisheni wanayosema ilitupwa kutoka roshani haikuwa televisheni. Ilikuwa boksi tupu la spika tuliloliteremsha kwa kamba kwa kuwa halikupita ngazini, na kamba ikamponyoka Seif kwa sababu alikuwa anaogopa kuumiza vidole.

Sasa majini. Mpiga roki anataka mwangwi, sauti yake iende irudi, na mashine ya mwangwi hatukuwa nayo. Ukumbini kwetu kulikuwa na kisima cha zamani, na ukuta wa nyumba ya jirani ulipita katikati yake, nusu kwetu na nusu kwao, kama walivyokuwa wakijenga watu waliopendana. Nikaning'iniza spika ndogo ndani ya kisima juu ya maji, nikaning'iniza na kipaza sauti pembeni yake. Sauti ya gitaa ikashuka, ikazunguka kwenye mawe, ikarudi imenenepa. Nasema kweli, sijawahi kufanya kazi iliyonifurahisha kuliko ile. Kabla ya kupiga, Joni alikuwa akijaribu mitambo kwa kuhesabu: moja, mbili, moja, mbili.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Bi Shekha. Alikuwa mama mwenye msimamo, mwokaji mkate wa kumimina aliyesifika kwa mkono mzuri na kwa ubahili wa sukari. Asubuhi moja kainamia kisima chake kuteka maji, kikamwambia kwa sauti nzito: moja. Mbili. Moja. Mbili.

"Ananihesabia siku zangu," aliwaambia majirani, ndoo imemtoka mkononi. "Na hafiki hata tatu."

Tungeweza kulieleza hilo likaisha, kama si neno. Kila mazoezi yakichangamka, Seif alikuwa akinipigia kelele: "Fundi, pandisha! Pandisha, fundi!" Alitaka nipandishe sauti. Lakini nyinyi ni watu wa hapa, mnajua kwamba fundi kwetu si wa redio tu. Anayeongoza ngoma ya pepo naye ni fundi, na kazi yake ni kumpandisha pepo kichwani mwa mgonjwa, amsikilize anataka nini, ampe, kisha amteremshe. Mtu anayepita uchochoroni akasikia mdundo, akasikia kisima kinahesabu, akasikia "fundi, pandisha," angefikiri nini? Mimi mwenyewe ningepita njia nyengine.

Wagonjwa wakaanza kuja. Mama mmoja wa Mwanakwerekwe alibisha hodi na kuku mwekundu kwapani, akasema ameelekezwa kwa fundi.

"Bi mkubwa, mimi fundi wa spika," nikamwambia.

Akafikiri. "Spika? Huyo sijamsikia. Wa pwani au wa bara?"

Nilimweleza nikachoka. Aliniachia kuku mlangoni akaondoka, na ilibidi nimkimbilie nimrudishie, ingawa Joni alikuwa keshaanza kumenya vitunguu.

Kicheko kikakatika pale Bi Shekha alipokwenda kwa sheha, mkuu wa mtaa, na majirani nyuma yake. Sheha akaleta habari kwamba Alkhamisi baada ya laasiri atakuja mwenyewe, na ikithibitika kwamba nyumbani mwetu wanapandishwa pepo bila ya ridhaa ya mtaa, bendi itahama. Hatukuwa na pa kuhamia. Hakuna mtu Michenzani ambaye angekubali dramu juu ya kichwa chake, na chumba cha kupanga kisingetosha hata waya zangu. Kila mmoja wetu alijua kwamba tukitoka Kiponda, Mshindo umekwisha. Na Bi Zuhura angebaki peke yake juu ya ngazi zile, bila ya wa kumpandishia maji. Seif alipanda kumpa habari, mimi nyuma yake.

"Alkhamisi," akasema Bi Zuhura, kama anayepanga siku ya kufua. "Haya. Nitashuka."

"Shangazi, magoti yako."

"Kwani wameitwa magoti? Nitashuka mie."

Siku ilipofika tulimteremsha ngazi moja moja, Joni mbele akitembea kinyumenyume, Seif na mimi ubavuni. Tukamkalisha kwenye kiti chenye mikono ukumbini, buibui lake limenyooka. Milango ilikuwa wazi na uchochoro umejaa. Sheha alikuwa mtu mpole, mwenye kofia iliyosimama sawasawa, na alionekana kutamani awe kwengineko. Akamsikiliza Bi Shekha mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Fundi ni nani hapa?"

"Naam, mimi."

"Unapandisha?"

"Napandisha," nikasema. Watu wakaguna.

"Kila siku?"

"Wakiniomba."

"Na kuteremsha?"

"Nateremsha pia, Sheha, ila hilo hawaniombi."

Joni akafunika uso kwa mikono yake mipana. Nilikuwa nimelelewa kujibu ninachoulizwa, na kila jibu la kweli lilikuwa linatuchimbia shimo. Seif akaruka. "Sauti, Sheha. Anapandisha sauti ya gitaa. Hakuna chengine."

"Basi apandishe tuone," akasema Sheha, na nadhani alikuwa anatutakia heri.

Tukawasha. Joni akashika mdundo, Seif akaingia na gitaa lake la makwaruzo, nami nikasimama kwenye amplifaya, mkono mmoja mfukoni. Kwanza ilikwenda vizuri. Watu wakatazama, wakaona ni vijana na nyuzi. Sheha akaanza kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekaribia kusema yamekwisha. Ndipo Seif, kwa mazoea, macho kayafumba, akapiga kelele: "Fundi, pandisha!"

Nikapandisha.

Bi Zuhura akasimama. Hakushika kiti wala hakutafuta mkono wa mtu. Mabega yake yakaanza kwanza, kidogo, kisha shingo, kisha akatoka katikati ya ukumbi, mwanamke aliyeteremshwa na watu watatu, akawa anakwenda na mdundo wa Joni mbele na nyuma bila ya kukosea hata pigo moja. Nilihofia magoti yake, nikateremsha sauti. Akarudi kinyumenyume, akakaa.

"Pandisha tena," akasema Sheha.

Nikapandisha. Akasimama. Nikateremsha. Akakaa. Kama ni kuthibitisha, nilikuwa nimethibitisha mbele ya mtaa mzima, na Bi Shekha akasema kwa utulivu mkubwa, "Mie nliwaambia." Nilidhani ndio mwisho wetu, na nilidhani ni mkono wangu mwenyewe uliotumaliza.

Lakini pepo akishapanda hafukuzwi. Huulizwa. Desturi hiyo hakuna aliyeijua kuliko Bi Shekha, na hakuwa mtu wa kuona jambo linafanywa vibaya. Akasogea, akaomba nipandishe kidogo, akasema kwa adabu, "Karibu, mgeni. Wataka nini?"

Bi Zuhura akajibu kwa sauti ya chini ambayo hatujawahi kuisikia. "Nataka magitaa yabaki nyumba hii."

"Yatabaki. Wataka nini tena?"

"Uchochoro ufagiliwe. Unanuka."

"Utafagiliwa."

"Na nataka mkate wa kumimina, kila Ijumaa. Wako wewe."

Bi Shekha akameza mate. "Utaletwa."

"Na sukari usiibane."

Joni alikosa pigo pale, la pekee nililowahi kumsikia akilikosa. Nikateremsha, Bi Zuhura akakaa, akaomba maji, akauliza kwa nini watu wote wanamtazama. Sheha akasimama, akaweka kofia yake sawa ingawa haikupinda, akasema mgeni ameshasema haja zake na yeye si mtu wa kuingilia baina ya mgeni na wenyeji wake. Aliniomba tu spika isiteremshwe kisimani asubuhi, watu wanapoteka maji, na Joni ahesabu mpaka kumi kama watu wengine. Nikaona ni haki.

Tukabaki. Mkate ulikuja kila Ijumaa, mtamu ajabu, na Bi Shekha akawa halali mchana wa Idi bila ya kuja kuangalia sheria ya boriti inavyokwenda. Hatukumuuliza Bi Zuhura lolote. Seif alijaribu siku moja ngazini, akaambiwa maji yamechelewa.

Bendi ilidumu mpaka miaka ya tisini inakatika. Seif akaenda Maskati kwa jamaa zake, Joni akavuka Dar es Salaam, nami nikaajiriwa kwenye kumbi ambazo mmenikuta. Nyumba ikawa ya wageni, ngazi zikanyooshwa, kisima kikawekewa kioo juu. Juzi juzi nilipita nikamkuta mtembezaji anawaambia Wazungu kwamba humo chini anaishi jini mkubwa aitwaye Spika. Nilitaka kusema kitu. Nikaona wamefurahi, nikaenda zangu.

La mwisho nitakalowaambia ni la miaka ya elfu mbili, Bi Zuhura alipokuwa keshahamia Mwanakwerekwe kwa mpwa wake mwengine. Alikuwa hatoki tena kitandani. Nilikwenda mchana mmoja na redio kaseti yangu na kanda ya Mshindo, ile tuliyoirekodi kwa kisima. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikaweka kanda, sauti chini, maana mgonjwa hapigiwi kelele. Nikakaa. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Bi Zuhura, siku ile ya Sheha. Ulipanda kweli?"

Akaivuta kanga mpaka kidevuni.

"Idi, mie mtoto wa nyumba ile," akasema. "Nlipokuwa msichana nlikuwa nikicheza chumbani, mlango nshaufunga, na nikisikia kikohozi cha baba, nnakaa. Nkaolewa, nkakaa. Nkafiwa, nkawa Bi Zuhura. Bi Zuhura hachezi mbele ya wanaume. Akicheza, watasema kaharibika. Akipanda pepo, watamletea mkate."

Nikacheka, na machozi yakanitoka, yote kwa pamoja. "Kwa hiyo hukupanda."

"Hilo sikulisema," akasema. "Miguu hii ilikuwa haipandi hata ngazi, wewe shahidi. Basi nambie, ilisimama kwa nini? Fundi si wewe?"

Alikuwa amenirudisha kwenye kibanda cha Fundi Hamadi, na redio mapajani, nisikilize. Nikasikiliza. Kwenye kanda Joni alikuwa ameshashika mdundo, na Seif anakuja.

"Idi."

"Naam, Bi Zuhura."

"Mbona umeibana sauti?"

"Nahofia majirani."

Akafumba macho. "Fundi," akasema, "pandisha."

Nikapandisha, na chini ya kanga mabega yakaanza.